Mazoezi Niliyokutumia

Gerezani, 11 Machi 2024

Dada yangu Atoo,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, kile kikohozi kimepungua. Mama hajambo? Mwambie dua zake zinanifikia, na chakula si kibaya, posho na maharage, tunashiba. Je, mvua imeanza huko Bwaise? Kama bado, inueni godoro la Mama mapema, msingoje maji yaingie kama mwaka jana.

Kesi haijatajwa tena. Wakili Rosalba alikuja, akasema wanaendelea kumtafuta yule mteja. Mimi nimeshasema yote niliyo nayo. Mtu alileta simu kwenye meza yangu pale Nakivubo, kioo kimepasuka, nikabadilisha kioo, akasema atarudi jioni kuichukua. Badala yake wakaja watu wa usalama. Sikujua kwamba anatafutwa, hata jina lake sikulijua. Tangu Agosti naitwa msaidizi wake.

Sasa sikia kilichonifanya niandike. Humu limefunguliwa darasa la kompyuta. Mwalimu anajitolea, anakuja mara mbili kwa mwezi. Mwezi wa saba kuna mtihani, na watakaofaulu watahamishiwa gereza la huko Kampala lenye chumba cha kompyuta, wasome mwaka mzima. Unaona maana yake. Kwa miguu yake ile Mama hawezi kukaa kwenye basi mpaka huku, lakini Kampala anaweza kuja kunitazama.

Shida yangu ni stringi. Simu nazifungua na kuzifunga bila kufikiri, lakini haya yamenishinda. Mwalimu alisema stringi ni herufi zilizopangwa mfululizo, neno au sentensi, na maswali ya mtihani yatatoka huko. Geuza neno. Angalia kama neno linasomeka sawa kutoka pande zote mbili. Alieleza mara moja, akaondoka. Wewe kufundisha haya ndiyo kazi yako huko Mengo. Nifundishe kwa barua. Kompyuta tunaishika siku ya darasa tu, siku nyingine nina penseli na karatasi. Barua zote zinasomwa ofisini kabla hazijatufikia, kwa hiyo andika kwa uwazi.

Nduguyo,
Bonny


Bwaise, 2 Aprili 2024

Mdogo wangu Bonny,

Barua yako imefika, nimeisoma kwa sauti ili Mama asikie. Alinisimamisha pale uliposema mnashiba, akaniambia nirudie, kisha akasema unadanganya. Miguu yake ni ileile. Mvua imeanza, maji yamefika mlangoni yakasimama. Godoro liko juu ya matofali. Kazini wanafunzi wameongezeka, mwenye chuo amenipa darasa la asubuhi pia.

Tuingie kwenye somo. Umeogopa bure. Karibu maswali yote hayo ya mwanzo yanatatuliwa kwa njia moja, na naifundisha kwa vidole viwili. Andika neno BWAISE, herufi zikae mbalimbali. Weka kidole cha kushoto juu ya B, cha kulia juu ya E. Badilishana herufi hizo mbili. Sogeza kila kidole hatua moja kuelekea katikati. Sasa uko kwenye W na S. Badilishana. Sogea tena: A na I. Badilishana. Soma ulichopata: ESIAWB. Neno limegeuka, na hukuhitaji karatasi ya pili. Kompyuta inafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba vidole vyake ni namba za nafasi za herufi.

Kujua kama neno linasomeka sawa pande zote ni rahisi zaidi. Vidole vinaanza hapohapo, ila hubadilishi kitu, unalinganisha tu. ADA: a na a, sawa, katikati hakuna kingine, jibu ni ndiyo. AMINAH: a na h, si sawa, simama hapo hapo, jibu ni hapana. Mama ameuliza kwa nini jina lake limepata hapana. Nimemwambia ni somo tu.

Mazoezi: geuza BOMBO, MENGO na NAKIVUBO. Nimeweka majina ya huku nyumbani ili unapoyageuza ukumbuke njia. Andika kila hatua, nataka kuona unavyofikiri, jibu peke yake halitoshi.

Dadako,
Atoo


Gerezani, 28 Aprili 2024

Dada Atoo,

Salamu kwako na kwa Mama. Mwambie safari hii sidanganyi, Jumapili tulipata nyama. Kikohozi kimekwisha. Hapa tumepata joto baya, wodi yetu ya kulala imejengwa kwa watu arobaini na sisi tumezidi mara mbili, lakini tunalala kwa zamu ya ubavu na tumezoea.

Nimegeuza maneno yote. NAKIVUBO imekuwa OBUVIKAN. Nimeweka hatua zote kwenye karatasi ya pili, usahihishe. Sitembei na vidole, natumia punje mbili za mahindi, maana vidole vinahitajika kushika penseli. Nina mwenzangu sasa, anaitwa Kasereka, Mkongomani wa Butembo, alikamatwa mpakani bila karatasi. Kiswahili chake kinanichekesha na changu kinamchekesha. Mimi nasogeza punje ya kushoto, yeye ya kulia, tunakutana katikati. Wenzetu wanadhani tunacheza mchezo wa kubahatisha, mmoja ametaka kuweka dau.

Kuna kitu kimenishinda. Siku ya darasa niliandika programu kama ulivyonieleza, nikaipa BWAISE, na ikanirudishia BWAISE. Nikadhani mashine ni mbovu. Mwalimu alikuwa kwa watu wengine. Nimeifikiria wiki nzima, sioni kosa.

Mama asianze kujiandaa na safari yoyote. Mwezi wa saba nitakuja karibu mimi mwenyewe.

Nduguyo,
Bonny


Bwaise, 20 Mei 2024

Mdogo wangu Bonny,

Sisi wazima. Mama anamsalimu Kasereka, anauliza kama ana mama huko kwao na kama mama huyo anajua aliko. Maji yaliingia ndani wiki iliyopita, tulipoteza unga na viatu, si zaidi ya hapo. Ayesha jirani yetu amejifungua mtoto wa kike.

Mashine yako si mbovu. Uliiambia iendelee kubadilishana mpaka kidole cha kushoto kifike mwisho wa neno, si kweli? Vidole vilipokutana katikati neno lilikuwa limeshageuka. Wewe ukaviacha vipishane, vikaanza kugeuza tena kile vilichokwisha kugeuza, na neno likarudi kama lilivyokuwa. Kila mwanafunzi wangu amelifanya kosa hilo. Iambie iendelee pale tu kidole cha kushoto kinapokuwa bado nyuma ya cha kulia. Vikikutana, isimame.

Sasa kazi ngumu kidogo, na ikitoka kwenye mtihani utanishukuru. Unapewa neno fupi na neno refu. Je, herufi za neno fupi zimo ndani ya lile refu kwa mpangilio uleule, hata kama kuna herufi nyingine katikati? Chukua BORA na BOMBOROAD, jina la ile barabara yetu. Kidole kimoja juu ya neno fupi, kingine juu ya refu. Kidole cha neno refu kinasogea kila mara. Cha neno fupi kinasogea pale tu herufi zinapofanana. Zungushia duara kila herufi uliyoipata. B ipo, O ipo, ruka mpaka R, ruka O, A ipo. Neno fupi limekwisha, jibu ni ndiyo. Jaribu na BARA uone kwa nini ni hapana.

Nimekuwekea mengine kumi ya aina hiyo. Rosalba anasema bado hajapewa tarehe. Soma kwa bidii.

Dadako,
Atoo


Bwaise, 8 Julai 2024

Mdogo wangu Bonny,

Nakusalimu tena bila kujibiwa. Niliandika mwezi wa tano, nikaandika mwezi wa sita, sijapata neno. Najua posta ilivyo, lakini hata Rosalba alipokuja huko aliambiwa uko zamu ya kazi na hawezi kukuona. Mtihani umeshafanyika? Umeufanya?

Mama ni mzima. Anaswali na kukuombea. Mimi mwezi huu nimepumzika kidogo kazini, na kompyuta yangu imeharibika, iko kwa fundi, kwa hiyo mazoezi mapya sijayatayarisha. Usijali hayo.

Andika hata mstari mmoja.

Dadako,
Atoo


Gerezani, 3 Agosti 2024

Dada Atoo,

Salamu kwako na kwa Mama. Usishangae mwandiko, huu ni wa afande Dawudi, ofisa wa ustawi humu, namtamkia naye anaandika. Niliteleza pale tunapoogea nikaumia mkono wa kulia. Unapona.

Mtihani sikuufanya. Nimetoka kwenye darasa. Niliona halinifai, kichwa changu ni cha bisibisi. Usitume mazoezi tena, hata moja. Usiandike herufi zilizopangwa, wala majina ya mitaa. Andika habari za nyumbani tu.

Kasereka hayupo tena hapa, amehamishwa.

Mwambie Mama nakula vizuri.

Bonny

Mimi Dawudi, niliyeandika, nakusalimu dada. Nimeandika kama mwenyewe alivyotaka iandikwe.


Bwaise, 19 Agosti 2024

Mdogo wangu Bonny,

Mama ni mzima na mimi ni mzima. Mtoto wa Ayesha anakua. Hizo ndizo habari za nyumbani ulizotaka.

Kichwa cha bisibisi ni cha nani? Mtu aliyekaa wiki nzima akitafuta kosa moja kwenye programu haachi darasa kwa sababu halimfai. Karatasi zako ninazo. Hatua zako zilikuwa safi kuliko za watu wanaolipa kusoma. Ulitaka kuja karibu na Mama, kisha unanipa mstari mmoja kwamba umeacha. Na huo mkono, uliteleza vipi mpaka ukaumia wa kulia na si kitu kingine?

Sitakuuliza zaidi kwa barua hii. Mama anataka kuja huko. Nimemzuia, na sijui nitamzuia mpaka lini. Ameanza kuuliza kwa watu nauli ni kiasi gani.

Dadako,
Atoo


Gerezani, 30 Septemba 2024

Dada Atoo,

Nawasalimu. Naandika mwenyewe sasa, utavumilia herufi zinavyoyumba.

Nimepewa tarehe. Tarehe 14 mwezi wa kumi nitaletwa mahakamani Kampala. Nitakiri kosa. Rosalba amejaribu kunizuia, nami nimemwambia ndiyo uamuzi wangu. Nikikiri watanipa miaka michache na jambo litakwisha. Nisipokiri, naweza kukaa mahabusu bila mwisho.

Usimlete Mama. Hilo ndilo ninalokuomba peke yake. Aketi nyumbani, utampa habari baadaye kwa maneno utakayoyachagua.

Usiniulize zaidi.

Bonny


Bwaise, 2 Novemba 2024

Bonny mdogo wangu,

Barua hii nimempa Rosalba aiweke kati ya karatasi zake za kesi, maana za wakili hazifunguliwi. Kwa hiyo nitaandika yote.

Ulimwona Mama mahakamani. Sikumleta mimi. Alinisikia nikizungumza na Rosalba kwenye simu, na asubuhi nilimkuta amevaa buibui lake jipya, ameketi mlangoni. Tulikaa nyuma. Uliposimama karani akakusomea, Mama alinishika mkono na kuniambia, "Sasa atawaambia ukweli." Ukasema ni kweli, ulijua simu ni ya nani, ulimsaidia kwa kujua. Ukasema kwa sauti ya chini mpaka hakimu akakuambia urudie. Uliporudia, Mama aliuachia mkono wangu, akainuka, akatoka nje. Hukumu ya miaka sita hakuisikia, aliambiwa na mimi kwenye ngazi.

Tangu siku hiyo hakutaji. Ayesha alimpa pole, Mama akamjibu kwamba ana mtoto mmoja tu, wa kike. Nilipomwambia kwamba mtu anaweza kukiri kitu ambacho hakufanya, alisema, "Nimeishi na polisi miaka ishirini na minane. Marehemu baba yako alikuwa akisema hakuna mtu anayekiri bure." Na chakula akaniwekea, tukala.

Kwa hiyo nilikwenda ofisini kwa Rosalba, nikamwambia sitoki mpaka aniambie. Alikataa, akasema umemwapisha. Nikaketi. Mwisho akatoa faili, akageukia dirishani, akaniacha nisome.

Barua zangu zote zimo mle, Bonny, na nakala za zako. OBUVIKAN wameipigia mstari mwekundu, wameandika pembeni: jina la mtu au mahali, atafutwe. Kwenye BOMBOROAD, duara zako za penseli wamezifuta, wamezungushia herufi nne za mwanzo. Rosalba anasema afisa alimwonyesha kwa furaha jinsi herufi hizo zinavyofanya neno la Kiingereza la bomu. ESIAWB, OBMOB, OGNEM, yote yamepangwa kwenye jedwali kama lugha ya siri. Na kuna maelezo ya Kasereka, yenye alama ya dole gumba lake, kwamba wewe na yeye mlikuwa mkisoma amri kwa kutumia punje za mahindi. Chini kabisa nikaona jina langu. Ukikiri, hakuna atakayeshtakiwa kwa barua. Usipokiri, mwandishi wa barua ataletwa kama mshtakiwa wa pili.

Sasa na mimi nikuambie nilichokuficha. Watu wa usalama walikuja hapa mwezi wa sita. Waliingia na viatu mpaka chumbani kwa Mama, wakachukua kompyuta yangu na daftari za wanafunzi. Mama nilimwambia ni watu wa kodi. Kesho yake walikwenda chuoni, na mwenye chuo akaniambia kwa upole nisirudi tena. Nafua nguo za watu huku Kawempe. Kwa fundi hakukuwa na kompyuta yoyote.

Nilikuandikia kwa uwazi kama ulivyotaka. Sikuona hatari yake.

Nitakwenda kwao. Nitaketi mbele ya afisa huyo na kumfundisha, herufi kwa herufi, mpaka aelewe kwamba ni somo la siku ya kwanza. Na Rosalba atafungua rufaa. Nakuandikia kukupa habari tu, ruhusa siombi.

Atoo


Gerezani, 25 Novemba 2024

Dada yangu,

Hii inatoka mfukoni mwa Dawudi. Ukimaliza kuisoma ichome.

Usiende. Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu. Unadhani hawakufundishwa? Mimi nimewafundisha. Siku ya kwanza nilipoitwa ofisini nilifurahi, nikadhani wanataka kujua. Niliomba karatasi, nikamwonyesha afisa jinsi BWAISE inavyogeuka, nikamwonyesha na jina lake mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo unakubali kwamba unaweza kugeuza neno lolote." Nikasema naweza. Akaandika. Nilielewa hapo kwamba mtu huyu hana haja ya kuelewa. Mkono uliumia baadaye, siku nilipokataa kusema nani anayenitumia, ingawa jina lako lilikuwa chini ya kila barua. Walitaka litoke kinywani mwangu. Halikutoka. Hayo yatoshe.

Kuhusu Kasereka, usimchukie. Walimweka peke yake muda mrefu, kisha wakampa kuchagua kati ya kurudi Kongo na kushtakiwa pamoja nami. Siku aliyoondoka alipita karibu na mlango wetu. Hakunitazama. Mimi nilimwita, nikamwambia asalimie mama yake. Alisimama kidogo, halafu akaenda.

Ukienda kwao watakushukuru kwa kuwafupishia kazi. Mimi nitabaki hapa na wewe utakuwa gereza la Luzira, na Mama atabaki na maji ya mvua peke yake chumbani. Miaka sita, wakitoa niliyokwisha kukaa, ni mitano hivi. Nilihesabu kwamba naweza. Sikuweza kuhesabu nyingine yoyote.

Darasa la kompyuta limekwisha kwangu. Aliyehukumiwa kwa kosa la usalama haruhusiwi kushika mashine. Mwalimu aliniona uani akageuza uso, na simlaumu, ana darasa lake la kulinda.

Mama mwache aamini anavyoamini. Akijua, atakwenda kambini kwa polisi wenzake Baba kupiga kelele, na kelele zake zitafungua faili lako. Afadhali anikasirikie.

Bonny


Bwaise, 12 Januari 2025

Mdogo wangu,

Hii pia imepita kwa Rosalba. Sikuenda kwa afisa. Nimekutii kwa hilo, na kila siku nikiinama kwenye beseni nakasirika kwamba nimekutii.

Hili la pili sikuweza. Nimemwambia Mama.

Alipatwa na homa kabla ya mwaka mpya, tukampeleka zahanati. Nesi alipouliza ana watoto wangapi kwa ajili ya kadi, akasema mmoja. Nesi akaandika moja. Nikaiona ile moja kwenye kadi, nikamwambia nesi afute. Tulipofika nyumbani nilimketisha, nikamweleza yote, tangu barua ya kwanza. Nilimwambia kwamba uliniokoa mimi. Nilimwambia pia kwamba akienda kambini kupiga kelele atanifunga.

Hakulia. Aliuliza, "Huo mkono umepona?" Nikasema unaandika vibaya lakini unaandika. Akaniuliza tena nimweleze kuhusu afisa na ile karatasi, namna alivyosikiliza na namna alivyoandika. Nikamweleza. Akaniuliza mara ya tatu. Kisha akajilaza akageukia ukutani, akakaa hivyo siku mbili.

Siku ya tatu alichukua nauli yake mwenyewe. Anakuja huko Jumamosi ya tarehe 25. Hataki niandamane naye, na Rosalba amenishauri jina langu lisiandikwe kwenye kitabu cha wageni kwa sasa. Ayesha atampandisha kwenye basi, na Dawudi ameahidi kumpokea getini. Sijui anakuja kukuambia nini. Hakuniambia.

Dadako,
Atoo


Gerezani, 27 Januari 2025

Dada Atoo,

Mama alifika. Nakuandikia mapema, kwa njia ya Dawudi, ili usikae na wasiwasi, ingawa najua atakuwa amekwisha kufika kwako kabla ya barua hii. Dawudi alimpa kiti cha ofisini, maana benchi la wageni halina mgongo. Miguu imemvimba sana. Mpeleke hospitali, usimsikilize akisema ni safari.

Chapati alizoniletea zilikatwa vipande getini kutafuta vitu. Alivikusanya kwenye kitambaa akanipa hivyohivyo. Kati yetu kulikuwa na meza na askari mmoja. Muda mrefu alikuwa ananitazama mkono. Nilimwambia habari za hali ya hewa. Nilimuuliza kuhusu mtoto wa Ayesha.

Kisha akasema, "Baba yako alikuwa anarudi jioni, anavua viatu, ananiambia, leo wamekiri wote. Alikuwa anasema hivyo akiwa amechoka, kama fundi aliyemaliza nyumba. Nami nampelekea maji ya kuoga. Siku nyingine shati lilikuwa na damu, nikalifua."

Askari alitazama pembeni. Akaendelea, "Miaka ishirini na minane sikuwahi kumuuliza walikuwa wamekirije. Nilikuwa na watoto wa kulisha. Nimekuja huku kwenye basi nawahesabu wale watu, Bonny, na sikumbuki hata mmoja, maana hakuwahi kunitajia jina."

Nikamwambia Baba alikuwa mtu mwema kwetu. Akasema, "Kwetu, ndiyo."

Muda ulipokwisha askari alimwacha azidishe kidogo. Alisimama kwa kushikilia meza, akaniambia amewarudia majirani wote, mlango kwa mlango, kuwaambia ana watoto wawili. Atakuja tena baada ya mfungo. Usimzuie. Hata ukimzuia atakuja.

Alipofika mlangoni aligeuka akaniuliza kama ninapata sabuni. Nikasema napata. Sipati, miezi miwili sasa, na vidonda vya joto vimenijaa mgongoni. Akikuuliza, mwambie napata.

Nduguyo,
Bonny